Sura ya "Hatia" ya Mbwa Si Ungamo
Mwenye mbwa arudipo jioni na kukuta kandambili imetafunwa, humwona mbwa wake amelaza masikio, amefyata mkia na kugeuza macho hadi weupe wake unaonekana, naye husema: anajua alichokosa. Dhana hiyo imeenea sana, lakini si sahihi. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha matokeo ya jaribio la mbwa 14 waliokatazwa kula kipande cha chakula, ambapo nyakati nyingine wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao amekila ilhali hakukigusa. Sura ile haikutegemea kosa. Ilijitokeza zaidi mbwa alipokaripiwa, hata kama hakukosa lolote.

Tunachokiona, basi, ni woga; na kulamba pua mara kwa mara au kupiga miayo bila usingizi mara nyingi ni dalili za wasiwasi uleule. Inaniuma kuona mbwa akichapwa kwa jambo lililotokea saa nyingi kabla, kwa kuwa anachojifunza ni kumwogopa bwana wake kila mlango unapofunguliwa. Kandambili iwekwe juu, na mbwa aachiwe kitu salama cha kutafuna.