Kuita nyungunyungu: ubingwa wa dunia usiotaka mbio wala misuli

Kama shuleni ulikuwa yule wa kushikishwa mashati ya wenzako mechi ikiendelea, huu ni mchezo wako. Unachezwa Willaston, kijiji cha Cheshire huko Uingereza, tangu 1980, na unaitwa ubingwa wa dunia bila aibu yoyote. Unapewa kipande cha nyasi cha mita 3 kwa 3 na dakika 30, kisha uwatoe nyungunyungu ardhini bila kuchimba. Mwenye wengi ndiye bingwa.

Kazi yangu ni udongo, kwa hiyo watu hunitumia video za mashindano haya wakitarajia nicheke. Nacheka, ndiyo. Ipo michezo mingi ya namna hii duniani. Wafini kule Oulu, Finland, wanashindana kupiga gitaa la hewani, yaani kuigiza kupiga gitaa lisilokuwepo, tangu 1996, na sina ugomvi nao. Ila huu wa nyungunyungu umebeba somo zima la udongo, na anayelielewa ana nafasi kubwa ya kumshinda mwenye mabavu.

Sheria zimeandikwa utadhani ni za Olimpiki. Viwanja hugawiwa kwa kura. Kifaa ni uma wa bustani wa kawaida, ule wa kuchoma ardhini kwa mguu kama sepetu, nao hutikiswa kwa mkono, mashine hairuhusiwi. Unaweza kuupiga au kuusugua mpini kwa kipande cha mti, kiwe laini au chenye mikato. Muziki wowote ruksa. Dawa za kusisimua ni marufuku, na maji yamehesabiwa kuwa dawa, kwa hiyo ukimwagia kiwanja chako umevunja sheria. Mwenye kinyaa anaruhusiwa kuweka msaidizi wa kumwokotea. Na jioni, ndege wakishaenda kulala, nyungunyungu wote hurudishwa ardhini. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Aliyeiandika alijua kwamba ukiwaachia mchana umewapikia ndege karamu.

Mshindi wa mwaka wa kwanza alitoa 511. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2009, ilipovunjwa na binti wa miaka 10, akisaidiwa, kwa nyungunyungu 567.

Sasa tuingie ardhini. Nyungunyungu hana masikio. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1881 kuhusu viumbe hawa, anaeleza jinsi alivyowafuga kwenye vyungu na kuwapulizia filimbi, kuwapigia kelele, hata kuwapigia piano. Hawakujali. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti ikapigwa, walikimbilia mashimoni. Sauti ya hewani haikuwa na maana kwao. Mtetemo uliopita kwenye mbao na udongo ndio uliowagusa ngozi. Kwa hiyo anayekwenda Willaston na tarumbeta anawaburudisha watazamaji tu. Chochote kisichopita kwenye meno ya uma hakiwafikii walengwa.

Kwa nini basi watoke, badala ya kujichimbia zaidi? Darwin mwenyewe alitaja dhana iliyokuwepo: ardhi ikitetemeka, nyungunyungu hudhani anafukuzwa na fuko. Hapa tuelewane. Fuko wa kwao si huyu wetu anayetumalizia mihogo na viazi. Wetu ni jamaa wa panya na hula mizizi. Wao wanamzungumzia mnyama mwingine kabisa, mla wadudu na nyungunyungu, anayechimba kwa viganja vipana kama makoleo.

Aliyeipima dhana hiyo ni Kenneth Catania wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mwaka 2008, katika msitu wa Apalachicola, Florida. Huko kuita nyungunyungu ni kazi ya watu kupata riziki: wanapigilia kigingi cha mti ardhini, wanasugua juu yake kipande kirefu cha chuma hadi ardhi ikorome, kisha wanaokota chambo cha kuwauzia wavuvi. Catania aligundua kwamba mafuko wamejaa maeneo hayohayo, kwamba mtetemo wa fuko anayechimba unafanana na ule wa kigingi, na kwamba ukimtia fuko kwenye udongo wenye nyungunyungu, wanapanda juu na kutambaa kwa kasi. Wana akili: fuko hapendi kuwakimbiza juu ya ardhi. Shakwe nao wameijua siri hiyo. Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, aliandika kuhusu ndege hao wanaokanyagakanyaga nyasi wakiwa palepale ili chakula kijitokeze chenyewe.

Kwenye mashindano, mimi ningeiogopa kura kuliko mpinzani. Udongo mkavu na uliolegea hunyonya mtetemo kabla haujafika mbali, na isitoshe nyungunyungu wenyewe huwa wameshuka chini kufuata unyevu. Udongo wenye unyevu, ulioshikana vizuri chini ya nyasi nzee, hupeleka mtetemo kila upande. Hauheshimu hata kamba ya mpaka! Ndiyo maana kila mtu lazima aokote waliotokea ndani ya kiwanja chake tu.

Mkono nao una siri yake. Anayeanza huutikisa uma kwa fujo, na baada ya dakika chache amechoka na ametanua matundu, meno hayaishiki tena ardhi. Uzamishe barabara, kisha utikise mfululizo, kwa mwendo mfupi na mzito. Fuko hapigi ngoma. Anasukuma na kukwaruza.

Kisha kuokota, ambako wengi hupoteza pointi. Mwili wa nyungunyungu una vinyweleo vigumu vinavyong'ang'ania kuta za shimo. Ukimdaka akiwa nusu nje, anajikaza, ukivuta anakatika. Mwache. Anayekimbia kweli hutoka kichwa kwanza, anajinyoosha hadi anakuwa mwembamba, halafu mkia unachomoka kwa mvuto mmoja. Hapo ndipo unamwinua, kwa vidole viwili, bila kumminya.

Kwa anayetaka kujaribu huku kwetu: nyanda za juu za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo zina fuko wa dhahabu, mnyama mdogo asiyeona ambaye, tofauti na fuko wa mihogo, hula nyungunyungu. Ningeanzia huko, asubuhi baada ya mvua ya usiku, kwenye nyasi ambazo hazijawahi kulimwa. Chukua ndoo yenye udongo mbichi na uiweke kivulini, maana wanapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka wanakufa kabla hujamaliza kuhesabu.