Kadi ya Wi-Fi Haisomi kwenye Linux? Iulize Namba Yake Kwanza

"Fundi, tangu uniwekee hii Linux yako, Wi-Fi imekufa."

Aliyesema hivyo ni kijana wa chuo mwenye laptopu ya mtumba. Wi-Fi haikuwa imekufa. Kwenye Windows ilikuwa inashika vizuri tu, ila kwenye Ubuntu, aina ya Linux niliyomwekea, hata alama yake haikuonekana. Siku mbili nzima alikuwa ananakili komandi za YouTube, na kila moja ilikuwa dawa ya kadi ya mtu mwingine.

Wengi hupotelea hapo. Tunatafuta "draiva ya Wi-Fi ya HP" (draiva ni programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi), wakati laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Linux haisomi stika ya juu, inasoma namba ya chipu. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, uandike:

lspci -nnk

Tafuta palipoandikwa Network controller. Kwa yule kijana palisomeka hivi:

Network controller [0280]: Broadcom BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]
Kernel driver in use: bcma-pci-bridge

Tazama mabano ya mwisho. 14e4 ni mtengenezaji, yaani Broadcom, na 4365 ndiyo chipu yenyewe. Ukikuta 8086 hiyo ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros. Kadi ya kuchomeka kwa USB haitatokea hapa, itafute kwa lsusb. Namba hiyo ndiyo ya kuingiza Google, siyo jina la laptopu.

Mstari wa pili ndio uliomdanganya. Aliona draiva ipo, akadhani ubovu uko kwingine. Kumbe bcma ni daraja tu: inatambua kwamba kuna chipu ya Broadcom kwenye ubao, basi. Ya kuiwezesha kuongea na ruta haipo. Draiva huria ya b43 haiimudu BCM43142. Inayoimudu inaitwa wl, na kwa kuwa msimbo wake haujafunguliwa wote, haimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Lazima uipakue.

Sasa utaipakuaje bila intaneti? Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, kisha washa USB tethering kwenye mipangilio ya hotspot. Linux itaiona kama mtandao wa waya, bila draiva yoyote ya ziada. Na simu ikiwa yenyewe imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, itapitisha hiyohiyo, bando lako linabaki salama. Halafu:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) broadcom-sta-dkms

Kwenye Debian, ruhusu kwanza contrib na non-free kwenye orodha ya hazina za programu. Usiziruke zile headers (faili za kerneli zinazohitajika kujengea draiva), maana DKMS, programu ya kujenga draiva, huijenga papo hapo kwenye mashine yako, na huijenga upya kila kerneli inapobadilika. Wengi wanaolalamika kwamba "Wi-Fi imepotea baada ya update" walikosa headers za kerneli mpya, basi.

Intel ina kisa kingine. Draiva yake, iwlwifi, imo ndani ya kerneli tayari, kinachokosekana mara nyingi ni fimwea, faili dogo ambalo draiva huipakia kadi kila inapoamka. Andika sudo dmesg | grep -i firmware. Ukiona "failed with error -2", maana yake faili limetafutwa halikuonekana. Kwenye Debian za zamani unaweka firmware-iwlwifi mwenyewe, lakini tangu Debian 12 ya mwaka 2023 kisakinishi rasmi huja na fimwea hizo.

Na kabla ya yote hayo, andika rfkill list, uone kama Wi-Fi imezimwa tu. Nasema kwa aibu: niliwahi kukesha na laptopu moja, nikabadilisha draiva tatu, kumbe kitufe cha kuzima Wi-Fi kilikuwa kimebonyezwa. "Soft blocked: yes" unaiondoa kwa rfkill unblock wifi. "Hard blocked" tafuta swichi pembeni au kitufe chenye alama ya antena.

Ukiamua kununua kadi ya USB, jina la boksi nalo linadanganya. Kadi ya TP-Link iitwayo TL-WN722N, toleo la 1 lina chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaijua tangu zamani, unachomeka tu inasoma. Toleo la 2 na la 3, jina lilelile, lina chipu ya Realtek, na hiyo ni kazi tofauti. Geuza boksi usome toleo kabla ya kutoa pesa.

Yule kijana alinipigia jioni. "Kaka, imeuliza nywila wakati wa kuweka, nikaandika. Nimewasha upya, ikaja skrini ya bluu, nikabonyeza Continue." Hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka. Kompyuta haikubali draiva iliyojengwa nyumbani mpaka uidhinishe ufunguo wake, na kwenye ile skrini ilitakiwa achague Enroll MOK, kisha aandike nywila ileile. Akibonyeza Continue, modprobe wl (komandi ya kuiwasha draiva) inamjibu "Key was rejected by service". Nikamwambia aandike sudo update-secureboot-policy --enroll-key, awashe upya, na safari hii asome kwanza. Dakika kumi baadaye alinitumia WhatsApp picha ya skrini: majina ya Wi-Fi za majirani, yamejipanga.