Bei ya krimu haifuti makunyanzi

Wengi huamini kuwa krimu ikiwa ghali ndivyo inavyorudisha ujana. Sivyo. Chukua kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kikopo: molekuli zake ni kubwa mno kupenya ngozi. Hubaki juu zikishika unyevu, makunyanzi yakafifia kidogo, na ukinawa uso yanarudi. Kazi hiyo hata mafuta ya kawaida ya kupaka huifanya!

Chenye ushahidi ni tretinoini, dawa ya kupaka inayoandikwa na daktari, nayo huchukua miezi kuonyesha matokeo (mjamzito asiiguse). Kingine ni losheni ya kukinga jua. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa waliojipaka kila siku kwa miaka 4.5 ngozi yao ilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliojipaka walipojisikia.