Kupima ukali wa siki: titresheni huharibikia kwenye kusuuza

Kanzu nyeupe ikidondokewa mchuzi wenye manjano, doa huwa la njano. Lipake sabuni ya mche, na papo hapo linageuka rangi ya damu ya mzee. Lisuuze kwa maji mengi, linarudi njano. Anayefua hudhani ameunguza nguo. Kumbe kurkumini, yaani kemikali inayoyapa manjano rangi yake, imemwonyesha kwamba sabuni ile ina alikali. Titresheni ya maabara, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea alikali yenye ukolezi unaojulikana hadi asidi iishe, inategemea jambo hilohilo: rangi igeuke pale asidi inapokwisha na alikali inapoanza kuzidi.

Zoezi ninalolipendelea kwa kidato cha tatu na cha nne ni kupima siki ya dukani. Chupa nyingi zimeandikwa asilimia 5, kwa hiyo mwanafunzi ana kitu cha kulinganisha na jibu lake. Siki ya pwani inayotokana na tembo la mnazi haina lebo, na hapo zoezi linanoga zaidi. Tembo likiachwa wazi, bakteria huitumia oksijeni ya hewa kugeuza kilevi kuwa asidi ya asetiki, na ukali wa siki unafuata kilevi kilikuwa kiasi gani na kimegeuzwa kwa muda gani. Chagua siki isiyo na rangi. Ya kahawia inaficha mwisho wa titresheni.

Utahitaji bureti ya ml 50 (bomba lenye vipimo na koki chini, la kudondoshea kostiki), pipeti ya ml 25 (ya kuchotea ujazo mmoja kamili), flaski ya ujazo ya ml 250, flaski tatu za koni, mizani inayosoma gramu 0.01, na myeyusho wa sodiamu haidroksaidi, ile kostiki ya watengeneza sabuni, wenye ukolezi unaokaribia 0.1 M. M ni moli kwa lita, na moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabu chembe; milimoli ni sehemu yake ya elfu.

Nimesema "unaokaribia" kwa makusudi. Ukipima gramu 4.0 za kostiki ukazifanya lita moja, hesabu inasema 0.1 M, lakini chupa haisemi hivyo. Punje za kostiki hunyonya unyevu wa hewa hadi zinalowa mbele ya macho yako juu ya mizani, na Dar es Salaam au Mombasa hilo halichukui hata dakika tano. Tena hunyonya kabonidayoksaidi na kujifanyia ganda jeupe la sodiamu kabonati. Kwa hiyo gramu 4.0 ulizopima si gramu 4.0 za kostiki tupu. Inabidi ukolezi wake upimwe kwanza kwa asidi ambayo haina vituko hivyo.

Asidi ya oksaliki yenye fuwele ndiyo nafuu. Moli yake moja ina gramu 126.07, ikihesabiwa pamoja na molekuli mbili za maji zilizomo ndani ya fuwele. Atakayeyasahau maji hayo ataandika 90 na kila kitu kitakachofuata kitakuwa kombo. Pima gramu 1.58, yeyusha kwenye bika kwa maji kama ml 100, mimina kwenye flaski ya ujazo, suuza bika mara tatu na kila suuzo limwage humohumo, kisha jaza hadi alama ya ml 250. Una asidi ya 0.0501 M. Kila moli ya asidi hii inakula moli mbili za kostiki. Tuseme ml 25 za asidi zimemaliza ml 25.60 za kostiki: asidi ni milimoli 1.2525, kostiki iliyotumika ni milimoli 2.505, na ukolezi wa kostiki ni 0.0979 M. Uandike kwenye chupa pamoja na tarehe. Oksaliki ni sumu, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya kushika chakula.

Kuhusu kuyeyusha kostiki: maji kwanza, kostiki baadaye, kidogo kidogo huku ukikoroga, maana chombo kinachemka chenyewe. Usitumie sufuria ya alumini hata siku moja. Kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto. Miwani ya kinga ni lazima. Asidi ikiingia jichoni huuma mara moja na mtu anakimbilia bomba. Kostiki inaweza kuanza polepole, na wakati huo inaendelea kuyeyusha jicho.

Sasa siki. Ya asilimia 5 ina ukolezi wa 0.83 M hivi, ni kali mno kwa kostiki ya 0.1 M: ml 25 zake zingetaka zaidi ya ml 200 za kostiki, yaani bureti nne na ushei. Ndiyo maana tunaizimua mara kumi. Pipeti moja ya ml 25 ya siki iingie kwenye flaski ya ujazo, ijazwe maji hadi ml 250, izibwe na kupinduliwa mara kumi hivi. Wengi huipindua mara moja tu. Siki inabaki imekaa chini, halafu pipeti ya kwanza na ya tatu zinatoa majibu tofauti na bureti ndiyo inayolaumiwa.

Maji nayo yana neno. Ya kisima cha pwani, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe, huwa na bikabonati nyingi. Maji yenye miligramu 300 za bikabonati kwa lita yakitumika kuzimua siki yetu yatakula milimoli 1.1 ya asidi kati ya 21 hivi zilizopo, asilimia 5 nzima imeliwa kabla hujafungua koki. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye ndoo safi, si ya kwenye bati wala tangi la saruji, yanafaa kwa mazoezi. Ukienda kununua "maji ya betri" soma lebo vizuri, kwa sababu jina hilohilo dukani huitiwa maji yaliyokenekwa ya kuongezea na pia asidi ya salfuriki ya kujazia betri mpya.

Tumefika kwenye sinki, mahali ambapo kwa maoni yangu alama nyingi za vitendo hupotelea. Vyombo vitatu vinasuuzwa kwa namna mbili tofauti, na mwanafunzi aliyekariri bila kujua sababu atavichanganya siku ya mtihani.

Bureti isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa kostiki yenyewe, ml 5 hadi 10 mara mbili, na kostiki hiyo ipitishwe kwenye koki na ncha. Kikibaki kijiko kidogo cha maji, tuseme ml 1, ndani ya bureti ya ml 50, umeizimua kostiki kwa asilimia 2. Titresheni iliyotakiwa kusoma 21.30 itasoma 21.73. Pipeti nayo isuuzwe kwa maji, kisha kwa siki iliyozimuliwa, kwa sababu ileile: kinachopimwa humo kwa ujazo lazima kiwe na ukolezi uleule ulio kwenye chupa.

Flaski ya koni ni kinyume. Isuuzwe kwa maji peke yake. Hiyo haipimi ujazo. Ni bakuli tu la kupokea moli za asidi ambazo pipeti imeshazihesabu. Maji yakibaki ndani hayapunguzi moli wala kuziongeza, kwa hiyo hata ikiwa imelowa chepechepe hakuna tatizo. Lakini ukiisuuza kwa siki na ikabaki ml 1, sasa una ml 26 badala ya 25, na bureti itasoma 0.85 zaidi. Kosa hili ni baya kwa sababu linajirudia. Ukizisuuza flaski zote tatu kwa siki, majibu matatu yatapatana vizuri kabisa, na yote ni ya uongo.

Kabla ya kuanza, toa kiputo cha hewa chini ya koki kwa kuifungua kwa nguvu sekunde moja. Kiputo kikitoka katikati ya kazi, nafasi yake inajazwa na kostiki ambayo haikuingia kwenye flaski, nawe umeihesabu. Ondoa faneli, ikibaki juu hudondosha tone kwa wakati wake. Soma chini ya mbonyeo wa kioevu, jicho likiwa usawa wake, na ukumbuke kwamba bureti inahesabu kutoka juu kwenda chini. Pipeti iache imwagike yenyewe, gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, na tonelo linalobaki nchani usilipulize: mtengenezaji amekwisha kulitoa kwenye hesabu. Kuvuta kwa mdomo kumezoeleka kwenye shule nyingi na ni tabia mbaya, hasa ikiwa ni kostiki. Kifyonzio cha mpira kikikosekana, bomba la sindano la ml 10 bila sindano, likiunganishwa na pipeti kwa kipande cha mpira laini, linafanya kazi ileile.

Kiashiria, au indiketa kama wanavyosema wenyewe, yaani kile kinachogeuza rangi kuonyesha mwisho, kwa siki ni fenoftalini, ile POP ya wanafunzi. Matone mawili au matatu yanatosha. Nayo ni asidi dhaifu, ukimimina kumi inakula kostiki yake na inaweza kufanya ukungu. Kwa nini isiwe metili oranji, kiashiria kingine cha maabara? Siki ni asidi dhaifu. Inapokwisha, kilichobaki kwenye flaski ni chumvi yake, sodiamu asetati, ambayo yenyewe ina ualikali kidogo: kwa vipimo vyetu pH (kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake asidi, juu yake alikali) ni kama 8.7. Fenoftalini inaanza kuwa ya waridi karibu na 8.3, mahali pake hasa. Metili oranji inageuka kati ya 3.1 na 4.4. Ukiitumia, itaanza kubadilika kabla hujamaliza ml 1 ya kostiki na itajikokota hadi kama ml 6, bila mahali popote unapoweza kusema "hapa". Asilimia 70 ya siki bado haijaguswa.

Na manjano je? Yanafaa, tena kuliko metili oranji. Nusu kijiko cha chai kwenye ml 20 za spiriti, subiri dakika kumi, chuja kwa karatasi au kitambaa kizito, tumia matone matano. Yanageuka kutoka njano kwenda wekundu kuanzia pH 7.5 hivi hadi juu ya 8.5. Mgeuko hauna makali ya fenoftalini, na mwenye macho yasiyotofautisha nyekundu atapata shida, lakini kwenye shule isiyo na kitu unapata jibu la kuheshimika. Choya ni nzuri kwa maonyesho tu: rangi zake hupita polepole toka nyekundu hadi kijani, huwezi kukamata tone moja.

Titresheni ya kwanza iwe ya haraka, ya kutafuta mtaa tu. Tuseme imeishia 21.8. Zinazofuata, achia ml 20 bila woga huku ukizungusha flaski juu ya karatasi nyeupe, kisha tone kwa tone. Tone moja ni kama ml 0.05. Ukitaka nusu tone, liache lining'inie nchani, liguse kwa ukuta wa flaski, halafu suuza ukuta huo kwa maji yaliyokenekwa. Simama pale waridi hafifu kabisa inapodumu sekunde 30. Baada ya dakika moja au mbili itafifia, na mwanafunzi mwangalifu ndiye hasa anayeongeza tone jingine akidhani amekosea. Hajakosea: kabonidayoksaidi ya hewa imeingia na kuipunguza ile alikali. Soma bureti, andika, mwaga. Waridi iliyoiva kama soda ya zambarau maana yake umepita.

Chukua wastani wa majibu yasiyopishana zaidi ya ml 0.10, na ile ya haraka usiiingize. Tukipata 21.30: kostiki ni 21.30 × 0.0979 = milimoli 2.085. Asidi ya asetiki inakula kostiki moli kwa moli, kwa hiyo ml 25 za siki iliyozimuliwa zina milimoli 2.085, na flaski nzima ya ml 250 ina 20.85. Zote hizo zilitoka kwenye ml 25 za siki ya chupa: 20.85 ÷ 25 = 0.834 M. Zidisha kwa 60, ambazo ni gramu za moli moja ya asidi ya asetiki, ni gramu 50.0 kwa lita, au gramu 5.0 kwa kila ml 100. Lebo imesema kweli. Aliyechukulia kostiki yake ni 0.1 M bila kuipima angepata gramu 51.1, akaisifu siki kwa ukali isiokuwa nao.

Kosa la hesabu linaloongoza hapa ni kusahau kuzidisha kwa kumi. Ukipata siki ya asilimia 0.5, iliyo karibu na maji, rudi kwenye mstari wa kuzimua kabla ya kurudia kazi yote.

Kostiki isilale kwenye bureti. Yenye koki ya kioo ikiachwa hadi kesho hung'ang'ania, na wengi huivunja wakijaribu kuigeuza. Mwaga, suuza kwa maji, kisha kwa siki iliyobaki, kisha maji tena, na uifunge kwenye stendi kichwa chini, koki wazi.