Yanayosemwa barazani kuhusu utafiti wa kilimo, na yaliyomo makondeni

Kizimbani, Mkoa wa Mjini Magharibi, utafiti na masomo ya kilimo vinakaa jirani: Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar (ZARI) na Skuli ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Majibu yanayotoka huko hufika barazani haraka, ila njiani hudondosha sharti lake: jibu lilikuwa la ugonjwa gani, la udongo upi, na lililinganishwa na nini. Dhana nyingi potofu zimezaliwa na sharti hilo lililodondoka.

"Muhogo wenye majani mazuri ndio wa kuchukuliwa mbegu"

Kwa batobato, hilo ni kweli. Ugonjwa huo hukunja majani machanga na kuyatia manjano, na mpita njia huuona bila kuinama. Ugonjwa wa pili wa muhogo, michirizi kahawia, ndio unaotughilibu. Dalili zake hukaa kwenye majani makuukuu ya chini, manjano yakifuata mishipa, na jani halijikunji. Majani hayo hupukutika mapema, kileleni mmea ukabaki unapendeza. Unapong'oa ndipo unapokuta ndani ya muhogo mabaka makavu ya kahawia, magumu kama kizibo. Ugonjwa huu ulielezwa na mtafiti H. H. Storey mwaka 1936 kule Amani, Usambara, na mwambao wetu ni maskani yake ya zamani.

Virusi vya magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe. Lakini inzi huyo hasafirishi michirizi kahawia mbali. Anayeivusha kutoka shehia hadi shehia ni mkulima mwenye mzigo wa vijiti begani. Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi: vijiti hukatwa na kufungwa kwanza, mihogo humenywa baadaye jikoni, na anayeona uozo ni mpishi.

Geuza utaratibu. Muhogo ukiwa na miezi mitatu hadi sita, pita ukitazama majani ya chini, na mashina yasiyo na dalili yafunge ukindu. Siku ya kuvuna ng'oa hayo yaliyofungwa, moja baada ya moja, kisha kila muhogo ukate mkato wa kupingana, mara tano hivi kutoka kichwani hadi ncha. Ukiona baka moja tu, vijiti vya shina hilo havipandwi. Pingili iwe na urefu wa sentimita 20 hadi 30, yenye macho matano hadi saba. Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, eka hubeba mashina kama 4,000. Ikiwa kila shina litatoa pingili nane, unahitaji mashina 500 safi. Ukipata 200, panda eka isiyofika nusu. Kujaziliza kwa vijiti vya jirani usivyovijua ni kuurudisha ugonjwa kwa mikono yako.

"Mbegu mpya haiugui"

Mwaka 2007 Zanzibar ilitoa mbegu nne za muhogo: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizochaguliwa kwa kuvumilia michirizi kahawia na batobato. Kuvumilia si kukingika. Kirusi huweza kuingia, mmea ukaendelea kuzaa vizuri kuliko mbegu ya zamani. Ukiizungusha mbegu hiyo msimu baada ya msimu bila kuchagua, katikati ya mihogo migonjwa, maradhi hujilimbikiza ndani ya vijiti. Baada ya miaka kadhaa utasikia "mbegu ya Serikali imeharibika". Mbegu ni ile ile, vijiti ndivyo vilivyochoka.

"Mpunga uliopigwa mionzi una mionzi ndani yake"

Maneno haya yalianza pale iliposikika kwamba mbegu ya mpunga ya SUPA BC imetokana na mbegu ya Supa iliyopitishwa kwenye mionzi, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA). Mionzi ya gama hupita ndani ya punje kama mwanga unavyopita kwenye kioo: inachokoroa chembe za urithi, haiachi kitu kinachoendelea kung'aa. Punje zilizopigwa ni zile za mwanzo tu. Watoto wao hupandwa, mabadiliko huanza kuonekana kizazi cha pili, na mengi hayana faida: vibeti, mapepe, miche iliyopauka. Yote hayo hutupwa. Wateule wachache hupandwa tena vizazi kadhaa mpaka watulie, kisha hupimwa kwenye mabonde mbalimbali. Unachokula ni kizazi cha mbali mno na ile mashine.

Elimu hiyo hiyo ya mionzi ndiyo iliyoondoa mbung'o Unguja, na hapo nako watu walihoji: unaachia vipi mamilioni ya mbung'o ili mbung'o waishe? Jibu liko kwenye ndoa yao. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa funza mmoja kila baada ya siku tisa au kumi. Akipandwa na dume aliyehasiwa kwa mionzi, basi, hazai. Lakini madume hao, waliofugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege, hawakutangulizwa. Kwanza mbung'o wa porini walipunguzwa kwa dawa za kupaka ng'ombe na vitambaa vyenye sumu, ili madume wahasiwa wawazidi sana wenzao. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Wanaouliza kwa nini bara hawafanyi hivyo kila pahala wasisahau bahari: ndiyo inayozuia wengine wasirudi.

"Maji moto ni adui wa mnazi"

Mkwezi ana haki ya kuwachukia sisimizi hawa wekundu wanaoshona viota vya majani. Ila kabla hujapuliza dawa, tazama nazi changa zinazopukutika chini. Zikiwa na makovu marefu na utomvu uliokauka karibu na kikonyo, aliyezifyonza ni mdudu ambaye wanasayansi humwita Pseudotheraptus wayi. Jina la pili ni la M. J. Way, mtafiti aliyefanya kazi hapa hapa Unguja katikati ya karne iliyopita. Mate ya mdudu huyo ni sumu kwa nazi changa, na wadudu wachache tu wanatosha kumaliza shada. Anayemfukuza ni maji moto.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba palizi la kupindukia huwaangusha walinzi hawa. Adui yao mkubwa ni sisimizi wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa (Pheidole megacephala), na hao hustawi kwenye shamba lililofagiliwa likawa jeupe. Palilia kisahani kuzunguka shina, kwingine acha majani mafupi. Michungwa au miti mingine chini ya minazi huwapa maji moto makazi zaidi, na kamba au ufito kati ya mnazi na mnazi huwapa njia ya kupita bila kushuka. Hawana wema mtupu: hulinda pia wadudu gamba wanaowapa utamu, na mwenye michungwa ataliona hilo. Kwa mnazi, hata hivyo, hesabu yao ni faida.

"Udongo wa kisiwa ni mmoja, kipimo cha jirani kinatosha"

Wazee waliotuachia majina ya udongo ya kinongo, kinamo, mchanga, uwanda na maweni hawakuwa wakipamba lugha. Konde moja laweza kuwa na aina mbili, na kila moja ni sampuli yake ya kupelekwa kupimwa. Pita zigizagi, chota pointi 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20, ukiepuka majivu, zizi la zamani, njia na chini ya mti mkubwa. Tumia ndoo ya plastiki; ya bati huongeza zinki na kuharibu jibu. Changanya, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayokabiliana, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini. Mfuko uliowahi kubeba mbolea usiuguse.

Kwenye maweni, jani changa likiwa manjano na mishipa ikabaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa chuma: chokaa ya mawe ya matumbawe imekifunga. Yurea haitibu hilo, na ukiimwaga juu ya udongo wa namna hiyo bila kuifukia, sehemu yake hugeuka hewa ya amonia ikapotea. Kumwaga chokaa huko ni kupeleka chumvi baharini.

"Jaruba moja limestawi, basi imethibiti"

Huenda jaruba hilo liko karibu na mfereji. Ndiyo maana kila tiba ya majaribio hurudiwa angalau mara tatu, mahali pachaguliwe kwa kura, na liwepo jaruba lisilotiwa kitu. Mistari ya pembeni haipimwi, kwa kuwa hupata jua na chakula zaidi. Kwenye jaruba la mita za mraba 20, kosa la kilo moja ya mizani hugeuka kilo 500 kwa hekta.

Unyevu nao hudanganya. Kilo 10 za mpunga wenye unyevu wa asilimia 22, zikihesabiwa kama zimekauka hadi asilimia 14, ni 10 × 78 ÷ 86, yaani kilo 9.07. Wawili wakilinganisha mavuno, mmoja kapima asubuhi mpunga ungali na umande, mwenzake baada ya siku mbili za jua, watabishana hadi magharibi na mbegu zao zinalingana.