Mwamuzi wa kikapu haongezi dakika za kufidia

Ujumbe unaosambazwa tena na tena katika makundi ya wapenzi wa michezo hapa Mwanza unadai kwamba timu ya kikapu ikipoteza muda mwishoni, mwamuzi huongeza dakika za kufidia. Dai hilo si kweli. Wengi wetu tumelelewa na soka la viwanja vya Nyamagana na Kirumba, ambako saa haisimami na mwamuzi hufidia mwishoni, kwa hiyo kuchanganya ni rahisi.

Katika kikapu, filimbi ikilia saa husimama. Katika kanuni za kimataifa, kikapu kikifungwa ndani ya dakika 2 za mwisho za robo ya nne, au za muda wa nyongeza unaochezwa timu zikilingana, saa husimama pia, na haianzi tena mpaka mpira uliorushwa kutoka nje umguse mchezaji aliye uwanjani. Mrushaji ana sekunde 5 tu. Zikipita, mpira hupewa wapinzani. Mfungaji anayeupiga mpira pembeni baada ya kufunga, ili kuwachelewesha wapinzani, huonywa, na timu yake ikirudia huadhibiwa kwa faulo ya kiufundi.

Ukitaka kuhakikisha, keti karibu na meza ya mtunza saa na utazame ubao: kikapu cha robo ya kwanza hakisimamishi saa, ila cha dakika ya mwisho huigandisha palepale. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa kwa vijana wanaojifunza uamuzi.