Kano: kamba zinazovuta vidole kutoka mbali

Shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, karibu na kisugudi, kisha chezesha vidole vya kushoto kama mtu anayepiga kinanda. Utasikia nyama inatukutika chini ya ngozi. Hapo ndipo vidole vinapopata nguvu zake. Ndani ya vidole vyenyewe hamna msuli wa kuvikunja. Mna mifupa, mishipa ya damu na ya fahamu, mafuta kidogo, na kano.

Kano ni uzi mweupe, mgumu, unaounganisha msuli na mfupa. Mla makongoro anaijua: ile sehemu inayochemka saa nzima na bado inamshinda mwenye meno mabovu. Msuli ukijikaza hufupika, lakini kano hainyumbuki sana, kwa hiyo huvutwa yote, na mfupa ulioshikwa mwisho wake hufuata. Ni sawa na baharia aliyesimama chini akivuta kamba, tanga likapanda juu ya mlingoti.

Mkono una mifupa 27: 8 midogo ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole, kwa kuwa gumba lina miwili na vidole vingine vina mitatu kila kimoja. (Nasema kifundo kwa makusudi. Neno kiwiko kwa wengine ni hapa panapovaliwa saa, kwa wengine ni kisugudi.) Upande wa kiganja, kila kidole isipokuwa gumba huvutwa na kano mbili. Moja huishia kwenye mfupa wa kati, nyingine hufika hadi mfupa wa ncha. Hii ya pili hukaa chini ya mwenzake, sasa itapitaje kwenda mbele? Ile ya juu hupasuka katikati na kuwa mikia miwili, na ya chini hupenya kwenye huo mwanya. Kila nikifikiria mpangilio huo nastaajabu upya.

Kano hizo zingeachwa huru, kidole kikikunjwa zingeinuka chini ya ngozi kama upote wa upinde, na nguvu nyingi ingepotea. Kwa hiyo kila kidole kina pete ngumu, tano kubwa, zinazozibana kano kwenye mfupa, kama makapi yanavyoielekeza kamba chomboni. Kano au pete ikivimba, kidole hunasa kikiwa kimekunjwa, kisha hufyatuka kwa ghafla.

Kabla ya kufika kiganjani, kano 9 hupita pamoja kwenye kijia chembamba cha kifundo: sakafu ni mifupa, dari ni utando mgumu. Humo humo hupita mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Kijia hakitanuki. Kukiwa na uvimbe, hata ule wa ujauzito, mshipa hubanwa na mtu huamka usiku gumba, kidole cha shahada na cha kati vikiwa na ganzi, huku kidole kidogo kikiwa salama, kwa sababu chenyewe kinahudumiwa na mshipa mwingine.

Kwa kuwa kano hukatiza kifundo, mkao wa kifundo huamua nguvu ya vidole. Kunja kifundo kabisa kuelekea kiganjani, halafu jaribu kufumba ngumi. Inalegea. Inua kifundo kidogo nyuma, ngumi inakaza. Tena, ukilegeza mkono wote na kuinua kifundo, vidole hujikunja vyenyewe, ukikishusha, hufunguka. Baadhi ya watu walioumia uti wa mgongo shingoni, ambao vidole vyao havitii lakini kifundo bado kinainuka, hufundishwa kushika kikombe kwa njia hiyo tu.

Jambo moja hudhaniwa ni la kifundo na si lake. Kifundo hukunjika mbele, nyuma na pembeni, ila hakizunguki. Ukigeuza kifuu juu ya mbuzi unapokuna nazi, ni mifupa miwili ya kigasha inayopishana.

Nilianza kuyafuatilia haya kwa sababu ya shangazi yangu. Alijikata akipara samaki, jeraha dogo upande wa ndani wa kidole cha pete. Lilisafishwa, likashonwa, ngozi ikapona vizuri. Ncha ya kidole haikukunjika tena. Kano ilikuwa imekatika chini, na kano iliyokatika haibaki pale pale: msuli huivuta kuelekea kiganjani, wakati mwingine hadi kwenye kigasha, kama kamba iliyoponyoka. Kushona ngozi hakuirudishi. Inatakiwa daktari wa upasuaji aitafute na kuiunganisha katika siku za mwanzo, kisha mkono ufungwe gango na kufanyiwa mazoezi yenye uangalizi, kwani kano hupona polepole na kazi nzito husubiri takriban wiki 12.

Kuipima hakuhitaji chombo. Mtu alaze mkono mezani, kiganja juu. Mshikilie mfupa wa kati wa kidole kilichoumia usisogee, kisha mwambie akunje ncha peke yake. Ikishindikana, kano ile ndefu ina shaka. Kisha vishikilie vidole vingine vikiwa vimenyooka, umwachie hicho kimoja akikunje kwenye kiungo cha kati; hapo unaipima ile fupi. Mwambie aliyekuja kushona jeraha kwamba ncha haikunjiki, hata kama kidonda ni kidogo kama punje ya mchele na damu imeshakata.